Vipandio vya Sentimita Kumi na Nne

3 Februari

Wakili,

Hongera. Habari za tuzo yako zimenifikia kwa njia ya kuzunguka. Fundi mmoja alikuja hapa karakanani ninapokata vioo kuchukua madirisha, vitasa vyake amevifunga kwa ukurasa wa gazeti, na kwenye ukurasa huo nikakuona wewe, na tai shingoni. Nikamwambia, "Huyu nimekaa naye chumba kimoja miaka mitatu, anakoroma." Akanijibu kwamba wakubwa wote hukoroma. Maelezo chini ya picha yalikuwa yamechanika, kwa hiyo sijui ulichora nini. Utanieleza.

Mama anakusalimu. Anatembea sasa mpaka kwa jirani na kurudi bila mkongojo. Niliaga kwamba namwuguza muhula mmoja, imekuwa miaka miwili. Sijuti, lakini nataka kurudi. Chuo kinawapokea waliokatiza masomo kwa sharti kwamba walete kazi zao na kuzitetea mbele ya jopo. Mwisho wa kupeleka ni tarehe 30 Aprili. Mwaka huu ukinipita, nafasi yangu inafutwa, maana miaka miwili ndiyo kikomo chao.

Kwa hiyo nina ombi. Juu ya lile kabati letu niliacha mrija wa kadibodi wenye michoro ya maktaba ya mteremkoni, ile niliyokuwa nachora wakati wa likizo. Haikuwa kazi ya darasa, hakuna mhadhiri aliyewahi kuiona, na ndiyo kazi pekee ninayoweza kuisimamia bila aibu. Wewe ndiye uliyebaki chumbani. Nitumie, tafadhali.

Kimya

21 Februari

Ndugu yangu Kimya,

Barua yako imenikuta nimezama katika jambo ambalo hakuna mhadhiri aliyewahi kututahadharisha nalo, nalo ni vyoo. Tangu ofisi hii ya wasanifu iniajiri nimechora vyoo arobaini na kimoja, na naanza kushuku kwamba tulifundishwa habari za nguzo na nuru kwa miaka mitano ili tusiulize mapema kazi yenyewe ni ipi. Hata hivyo meza yangu iko dirishani, na wakuu wa hapa hunitambulisha kwa wageni kama "yule wa tuzo". Mtu huzoea.

Umeuliza nilichora nini. Ni jengo la umma, lenye ngazi nyingi. Habari zake ni ndefu, zinafaa maongezi kuliko barua.

Kuhusu mrija: nilipohama, mizigo mingi ya chumbani ilipelekwa stoo ya bweni, na msimamizi wa stoo, kama unavyomfahamu, ni mtu wa njoo kesho. Nitafuatilia.

Lakini niruhusu nibishane nawe kidogo, kwani kuninyima ubishi ni kuninyima chakula. Kwa nini urudi chuoni na kazi ya zamani? Aliyechora maktaba ile alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Wewe wa leo umekata vioo, umeuguza, umeona nyumba za watu kutoka upande wa fundi. Jopo halitafuti mtu aliyehifadhi karatasi, linatafuta mtu anayewaza. Chora kitu kipya. Chora karakana. Nakuambia haya kama mtu anayekutakia mema, na ungekuwa na hoja ya kunipinga ungekuwa umeshaitoa zamani, ila jina la Kimya hatukukupa bure, wala mimi la Wakili.

Mpe Mama shikamoo yangu.

Wakili

14 Machi

Wakili,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa ajili ya kucheka na ya pili kwa ajili ya kufuata ushauri. Ya kwanza ilifaulu.

Nilijaribu kuchora karakana. Ikatoka karakana. Meza huku, mashine kule, mlango katikati, kama ilivyo. Sikuwa na la kuongeza.

Basi nimerudi kwenye maktaba. Usihangaike tena na mrija. Nimegundua kwamba mstari baada ya mstari ninayo kichwani: mteremko, kuta za vitabu zinazoshuka pamoja na ardhi, ngazi kuu inayopita katikati, kila kipandio sentimita kumi na nne, na kibaraza cha kukaa kila baada ya vipandio saba. Nachora kwenye meza ya kukatia vioo mwenye karakana anapokwenda kula. Anakula polepole, Mungu ambariki. Mchoro wa mkato, ule unaoonyesha jengo kana kwamba limepasuliwa katikati, umekwisha, na nadhani umetoka vizuri kuliko ule wa kwanza.

Ninachoogopa ni kusema. Unajua nilivyo mbele za watu. Ungekuwa karibu ungenifundisha la kueleza juu ya vile vipandio, maana sababu yangu ni moja tu, na ni fupi.

Kimya

2 Aprili

Kimya,

Barua yako imefika. Kazi zimenizonga. Stoo hawajauona mrija. Juu ya kusema, sina la kukufundisha, wewe sema lako.

Nakutakia heri.

Wakili

19 Mei

Wakili,

Juzi niliitwa mbele ya jopo. Walikuwa watatu: Mkuu wa Idara, mzee mmoja nisiyemfahamu, na yule mama wa somo la nguzo na mihimili tuliyemwita Saruji. Nilibandika michoro ukutani. Wakaitazama, kisha wakatazamana.

Saruji akaniuliza, "Kazi hii umeitoa wapi?"

"Kichwani."

"Kichwa cha nani?"

Nilidhani ni utani, nikacheka. Nilicheka peke yangu. Mkuu akafungua kabati, akatoa kitabu chenye kazi bora za mwaka jana, akakifunua na kukiweka mbele yangu. Maktaba yangu ilikuwa humo, Wakili. Paa ni tofauti. Mengine yote ni yaleyale, hata ule mti niliouchora umeegemea kulia kwa sababu kalamu iliteleza.

"Huyu unamfahamu?"

"Namfahamu. Tulikaa chumba kimoja."

Mkuu akasema, "Ahaa." Ahaa hiyo ilikuwa ndefu kuliko barua hii.

Saruji akasema, "Tumpe nafasi. Haya, tueleze. Ngazi za kawaida kipandio ni sentimita kumi na saba. Kwa nini vyako ni kumi na nne?"

"Goti la mama yangu linaishia hapo."

"Na kibaraza kila baada ya vipandio saba?"

"Huchoka kwenye cha saba."

Mkuu akavua miwani, akanisemesha kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza. "Kijana, mwenye mradi huu alisimama hapohapo ulipo, akatuambia kwamba elimu haipandwi kwa pupa, kwamba mwili hupunguzwa mwendo ili akili ipate kutangulia. Tulimpigia makofi. Wewe unatuletea goti."

Wamenipa mpaka mwisho wa Juni nilete uthibitisho kwamba kazi ni yangu. Nisipouleta nafasi yangu inafutwa, na katika jalada langu itaandikwa kwamba niliiba kazi ya mwenzangu. Mwenye jalada la namna hiyo hapokelewi chuo chochote.

Sikuwaambia neno juu yako. Nilitaka nikuulize wewe kwanza. Uliupata ule mrija?

Kimya

27 Mei

Kimya,

Umeniuliza swali la maneno matatu, nami, kama ilivyo desturi yangu, nina jibu la kurasa tatu. Nianze na lile fupi. Ndiyo. Mrija haukuwahi kufika stoo. Uko chini ya kitanda changu hapa ninapopanga.

Sasa nisikilize. Zilikuwa zimebaki wiki sita nitetee mradi wa mwisho. Mradi wangu mwenyewe, ukumbi wa mikutano ambao nilikuwa nimeuandikia utangulizi wa kurasa ishirini, msimamizi wangu aliutazama kwa muda wa kumeza mate, akasema, "Hapa kuna hotuba. Jengo silioni." Nilirudi chumbani, nikauteremsha mrija wako ili nijifunze unavyoanza kuchora. Siku ya pili nikatandaza juu yake karatasi ya kunakilia, nipate vipimo tu. Siku ya nne sikuwa tena mtu anayejifunza.

Hata hivyo nakuomba upime hoja hizi kwa haki. Hakuna msanifu aliyepata kuvumbua nguzo au mlango peke yake, kila jengo ni mkopo kutoka kwa jengo lililotangulia. Wewe ulikuwa umeondoka, na hapakuwa na dalili kwamba utarudi. Wazo lililoachwa juu ya kabati kwa mwaka mzima na nusu, je, bado lina mwenyewe, au ni la yule anayelipa uhai? Nami nililipa uhai. Paa ni langu. Lile lako lingevuja, na hilo unalijua. Wazo lenyewe nililitetea mbele ya watu ambao mbele yao wewe ungenyamaza, na usinichukie nikisema kwamba wamethibitisha hilo wenyewe.

Wazazi wangu wameitundika picha ya gazeti sebuleni. Ofisi iliniajiri kwa sababu ya kitabu kile. Sisemi haya ili unihurumie, nasema ili uone kwamba jambo hili si la watu wawili tena.

Niko tayari kukuandikia barua ya mapendekezo, nzito, itakayosema kwamba tulikuwa tukiwaza pamoja na kwamba kufanana kwa kazi zetu hakukutokana na wizi wa yeyote. Nadhani itatosha. Nijibu upesi.

Wakili

9 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Sisi hatujambo, ila nyumba imepoa. Mimi ni mshonaji, nimezoea kuandika vipimo, kwa hiyo utanivumilia.

Mwenzako amerudi kutoka chuoni mikono mitupu. Anasema wanadhani amenakili kazi ya mtu. Nikamwuliza, ya nani? Akasema, ya mtu fulani tu, Mama. Nikamwuliza, umemwandikia mwenzako? Akasema wewe una kazi nyingi, nisikusumbue. Barua yako ilikuja wiki iliyopita, akaisoma, akaikunja, akaenda kukata vioo siku ya mapumziko. Sijui ulimwambia nini, labda nawe ulimkatisha tamaa.

Nakuandikia bila yeye kujua. Wewe umehitimu pale, una tuzo, na una mdomo. Mdomo huo tumeuvumilia likizo zote ulizokuja hapa, ulikuwa unabishana hata na redio. Sasa utusaidie nao. Mwambie Mkuu wenu kwamba mwanangu si mwizi.

Na ushahidi unao wewe mwenyewe. Unakumbuka ile likizo, kabla sijaanguka? Alipanga madaftari yake ya shule pale mlangoni, moja juu ya jingine, akaniambia, Mama panda. Akaongeza, akapunguza, akaongeza, mpaka nikamwambia hapa goti haliumi. Akachukua utepe wangu wa kupimia akaandika. Kisha akanipeleka kwenye ngazi za kanisa akahesabu nachoka ya ngapi. Wewe ulikuwa umekaa kwenye kiti cha cherehani na gazeti, ukatucheka, ukasema, "Mama, unashonewa jengo." Nililipenda neno lile, nimewaambia wateja wangu wengi.

Basi wewe ni shahidi. Sema ulichokiona, mwanangu. Sikuombi zaidi ya hapo.

Mama yako wa pili

13 Juni

Kwa Mkuu wa Idara ya Usanifu Majengo

YAH: MWENYE MRADI WA MAKTABA YA MTEREMKONI

Mheshimiwa,

Rasimu mbili za kwanza za barua hii nilizichana kwa sababu zilikuwa nzuri.

Mradi uliopewa tuzo mwaka jana kwa jina langu si wangu. Ulibuniwa na kuchorwa na mwanafunzi mliyemwita mbele ya jopo mwezi uliopita kwa tuhuma ya kunakili. Naambatanisha mrija wenye michoro yake ya asili, karatasi kumi na tisa, kila moja ina tarehe na mwandiko wake, ya mwisho ikiwa ya mwaka mmoja na miezi minane kabla ya siku niliyotetea mradi. Ukizilinganisha na zangu juu ya kioo chenye taa utaona kwamba mistari inalaliana. Niliinakili kwa mkono wangu, chumbani, kwa siku kumi na moja. Paa peke yake ndilo langu. Nimelipigia hesabu upya wiki hii, nalo pia linavuja.

Kuna jambo ambalo michoro haiwezi kukuonyesha, nalo ndilo lililonifanya niandike. Mliponiuliza sababu ya vipandio vya sentimita kumi na nne, niliijua. Nilikuwepo siku vilipopimwa. Mama wa mwenzangu alipandisha mguu juu ya madaftari mlangoni pa nyumba yake, mwanawe akaandika, nami nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka hapo. Kwa hiyo nilipokuwa nimesimama mbele yenu nilikuwa na jibu la kweli mdomoni. Niliona ni dogo. Niliona kwamba goti la mshonaji halistahili kusimama mbele ya jopo, nikatunga jingine palepale, nanyi mkalipigia makofi. Makofi hayo nimeyatumia kwa muda mrefu kama hoja dhidi ya dhamiri yangu.

Mwenzangu aliwapa jibu la kweli, nanyi mkaona langu ni bora. Kosa hilo lina wenyewe wawili, na mimi ni wa kwanza.

Siombi kupunguziwa. Naomba jalada lake lisafishwe kabla ya mwisho wa mwezi huu. Nakala ya barua hii nimempelekea mwajiri wangu, na kwa mama huyo nimeandika mistari minne.

Wako katika ukweli uliochelewa,

(Sahihi)
Mhitimu wa mwaka jana

30 Julai

Wakili,

Nimekaa wiki nyingi bila kukujibu kwa sababu kila nilipoanza niliandika tusi, na sina mazoezi ya matusi, yalitoka vibaya.

Jopo liliniita tena. Mrija ulikuwa mezani, umefunguliwa. Mkuu aliniomba radhi, kisha akaniuliza upya ile habari ya vipandio. Nikajibu vilevile, goti la mama yangu. Safari hii waliandika. Saruji akanisogeza pembeni akasema lile paa langu la kwanza kweli lingevuja. Nikamwambia najua. Akasema, "Basi utalitengeneza hapa." Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba nimepokelewa. Naanza mwaka wa nne mwezi ujao.

Barua yako kwa Mkuu walinipa niisome. Ni nzuri mno, hata baada ya kuzichana zile nzuri. Kuna mahali unajichapa viboko kwa ufundi mpaka mtu anasahau aliyeibiwa ni nani. Nakuambia hili kwa kuwa hakuna mwingine atakayekuambia.

Ile ya Mama aliisoma mwenyewe, amesimama mlangoni. Akairudia. Kisha akasema, "Kumbe anaweza kusema mambo mafupi," akarudi kwenye cherehani. Siku ya tatu aliniuliza kama ulipokuwa ukicheka siku ile ulikuwa umeshapanga. Nikamwambia hapana, wakati ule ulikuwa unacheka tu. Nadhani nilisema kweli. Likizo hii usije. Zinazofuata sijui, mwenye nyumba ni yeye.

Nasikia ofisi imekuachisha. Nasikia pia chuo kimeifuta shahada yako mpaka urudie mwaka wa tano kwa mradi mpya, na kwamba umekubali bila kubishana. Hilo la mwisho watu hapa hawaliamini, wanasema labda ulikuwa mgonjwa.

Mimi bado nina hasira. Naamka nayo, nakata vioo nayo, na vioo vinatoka sawa. Sijui itakwisha lini, na sitaki uniandikie hoja za kuimaliza.

Lililonifanya nichukue kalamu ni hili. Studio ya mwaka wa tano imefungwa, paa lake linavuja (chuo cha usanifu majengo, nawe usicheke), kwa hiyo mwaka wa nne na wa tano watakaa chumba kimoja. Mkuu aliniita akaniuliza kama nina pingamizi wewe kuwekwa humo. Alisema nikiwa nalo watakutafutia kona nyingine, hata kama ni stoo.

Nikamwambia sina pingamizi, ila meza yako iwe mbele yangu. Nyuma yangu usikae.

Kimya